Nasikia, Ila Sishiki Maneno: Kelele za Kiwandani Huondoa Nini Sikioni



Katika ukurasa huu tunajibu swali ambalo wanachama wametuletea mara nyingi, hasa wale wa viwanda vya nguo, wa karakana za chuma na wa reli. Wanasema hivi: "Nilipelekwa kupimwa masikio, nikaambiwa ni mazima, au yamepungua kidogo tu. Lakini nikikaa katika mkutano wa tawi nasikia watu wanasema, ila maneno sishiki. Je, mpimaji amekosea, au mimi ndiye nimezeeka?"

Jibu letu ni kwamba mpimaji huenda hakukosea, na mwanachama naye hasemi uongo. Kipimo kilipima kitu kimoja, na kilichoharibika ni kitu kingine. Ili tuelewane hatuna budi kueleza kwanza sikio la binadamu lina uwezo gani wa kupambanua sauti, na mwisho wa uwezo huo uko wapi. Msomaji avumilie, kwani mambo yenyewe si magumu, na fundi yeyote anayatumia kila siku bila kuyapa jina.

Tuanze na kazi ya zamani ya relini. Katika reli zilizojengwa na Waingereza alikuwako mtu aliyepita kando ya mabehewa yaliyosimama stesheni, na nyundo yenye mpini mrefu mkononi, akigonga gurudumu moja baada ya jingine. Abiria wengine walidhani anapoteza wakati. Gurudumu zima lililia kama kengele: sauti yake ilidumu, na mtu aliweza kuiigiza kwa mdomo. Gurudumu lenye ufa lilitoa mlio mfupi uliokufa papo hapo, na hakuna aliyeweza kusema ule ulikuwa mwembamba au mnene. Yule mgongaji hakuwa na chombo chochote isipokuwa nyundo na masikio yake mawili, na kwa masikio hayo aliokoa maisha ya watu.

Sasa tazama jambo lililomo katika nyundo ile. Sauti iliyodumu ilikuwa na wembamba wake unaojulikana. Sauti iliyokatika upesi haikuwa na wembamba wa kuutaja. Mambo haya mawili, muda wa sauti na wembamba wake, yamefungwa pamoja, wala hayafunguliki.

Sababu yake ni hii. Sauti ni mtetemo wa hewa. Mitetemo ikiwa michache kwa sekunde, sauti ni nene kama ya ngoma kubwa. Ikiwa mingi, sauti ni nyembamba kama filimbi. Mtetemo mmoja kwa sekunde huitwa hezi 1. Kijana mwenye masikio mazima husikia toka hezi 20 hivi hadi hezi 20,000. Chukua mashine mbili, moja inagonga mara 50 kwa sekunde, nyingine mara 51. Ukizisikiliza kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde tu, ya kwanza imegonga mara tano, na ya pili mara tano na chembe. Utazitofautishaje? Sharti ungoje sekunde nzima ndipo lile pigo moja la ziada lionekane. Kama tofauti ni mapigo 10 kwa sekunde, inatosha kusikiliza sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kama ni 100, inatosha sehemu moja ya mia. Kwa hiyo anayetaka kujua wembamba barabara lazima angoje, na anayetaka kujua sauti ilitokea saa ngapi hasa lazima akubali kutokujua wembamba wake sawasawa.

Hii si dosari ya sikio. Ni hesabu, na inakibana hata chombo cha umeme kilicho bora kuliko vyote. Aliyeiandika kwa ajili ya sauti na simu ni Dennis Gabor, mhandisi mzaliwa wa Hungaria aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha mitambo ya umeme mjini Rugby, Uingereza. Aliitoa mwaka 1946, na mwaka uliofuata akauliza swali lenyewe la sikio: je, kusikia kwa binadamu kunafuata mpaka huo? (Baadaye, mwaka 1971, alipewa Nishani ya Nobel, lakini kwa jambo jingine, yaani namna ya kupiga picha zenye kina.)

Basi tuingie ndani ya sikio. Nyuma ya kiwambo na vile vifupa vitatu kipo kijumba kilichojikunja kama konokono, mizunguko miwili na nusu hivi. Kikikunjuliwa kina urefu wa milimita 35 tu, sawa na kidole gumba kuanzia ukucha hadi kifundo. Ndani yake umelala utando, na juu ya utando zimepangwa chembe hai zenye vinyweleo. Karibu na mlango utando hutetemeka kwa sauti nyembamba, na mwishoni kabisa kwa sauti nene. Kwa hiyo kila mahali pa utando ni kama kichujio cha sauti zake. Chembe hizi ni za namna mbili. Za safu ya ndani, kama 3,500 kwa kila sikio, ndizo zinazopeleka habari kwenye mishipa ya fahamu. Za safu za nje, kama 12,000, zina kazi nyingine ambayo tutaieleza baadaye, na ndiyo kiini cha makala hii.

Vichujio hivi havikwepi ile hesabu ya Gabor. Kengele huchagua sauti moja tu na kuishikilia muda mrefu. Gunia la mchanga hukubali pigo lolote na kulisahau papo hapo. Kichujio chembamba ni kama kengele, kichujio kipana ni kama gunia. Sikio limechagua katikati. Mahali pa hezi 1,000, kichujio cha sikio zima kina upana wa hezi 130 hivi. Mahali pa hezi 4,000 kina upana wa hezi 450 hivi, na kwa hiyo ni chepesi zaidi kufuata sauti za haraka. Ndiyo kusema sehemu ya sauti nene inajua zaidi wembamba, na sehemu ya sauti nyembamba inajua zaidi wakati.

Kwa mpango huo sikio zima hufanya mambo ya kushangaza. Ukilisikilizisha mvumo kama wa mvuke unaovuja, ukaukata kwa milisekunde mbili au tatu (milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde), litatambua kwamba umekatika. Likisikia mipigo miwili, laweza kujua ni miwili hata ikiwa imeachana kwa milisekunde mbili, ila kusema upi ulitangulia huhitaji kama milisekunde 20. Katika sauti ya hezi 1,000 inayodumu, mtu aliyezoea hutambua tofauti ya hezi mbili tatu. Na masikio mawili kwa pamoja hutambua sauti imetangulia kufika upande gani, hata kwa tofauti ya sehemu 10 za milioni za sekunde. Kwa njia hiyo unajua bila kugeuka kwamba gari la kubebea mizigo linakujia kutoka kushoto.

Swali la Gabor lilijibiwa vizuri mwaka 2013. Jacob Oppenheim na Marcelo Magnasco wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, waliwachukua watu 12, wengi wao wanamuziki, wakawataka waseme kwa wakati mmoja kama sauti fupi imekuwa nyembamba zaidi au nene zaidi, na tena kama imewahi au imechelewa. Wengi waliuvuka mpaka wa Gabor, na waliokuwa hodari zaidi waliuvuka kwa zaidi ya mara kumi. Msomaji asidhani kwamba hesabu imevunjwa. Mpaka ule unambana yule anayepima kwa njia iliyonyooka, kama kupitisha mchanga katika chekeche. Sikio halipimi hivyo. Mishipa ya fahamu hupiga sawia na mitetemo yenyewe mpaka kwenye hezi elfu nne au tano hivi, na ubongo husoma mapigo hayo. Tena chembe za nje zinaifanyia sauti kazi kabla haijapelekwa. Na tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa, wanamuziki wakiwa miongoni mwa waliotangulia. Tunaamini kwamba kama wangepimwa mafundi wanaotambua beringi mbovu kwa kuegemeza bisibisi kwenye mashine na kuweka sikio kwenye mpini, nao wasingekuwa nyuma, ingawa hayo ni maoni yetu tu.

Chembe za nje zinafanya kazi gani? Jambo hili lilichelewa kujulikana, na sababu yake inafaa kusimuliwa. Georg von Békésy, aliyepewa Nishani ya Nobel mwaka 1961, ndiye aliyeona kwa macho jinsi wimbi linavyopita katika utando wa lile konokono. Lakini alitazama masikio ya maiti. Katika masikio hayo vichujio vilionekana vipana mno, na watu wakajiuliza binadamu anawezaje kupambanua sauti kwa ala butu namna ile. Mwaka 1978 David Kemp wa London aliweka kipaza sauti kidogo katika sikio la mtu aliye hai, akalipigia mlio mfupi, na baada ya milisekunde kadhaa sikio likarudisha sauti yake lenyewe. Ndipo ilipofahamika kwamba sikio hai si chombo kinachopokea tu. Chembe za nje hujinyosha na kujifupisha sawasawa na mtetemo, zikiongeza nguvu ya sauti ndogo mahali pake hasa na kukifanya kichujio kiwe chembamba. Mtu akifa, kazi hiyo hukoma mara moja, na utando hubaki butu.

Sasa tunakuja kwenye kelele. Kelele kubwa ya kila siku huziua chembe za nje kwanza, na katika binadamu chembe hizi hazioti tena. Mara nyingi uharibifu huanza mahali pa hezi 3,000 hadi 6,000, na hasa penye hezi 4,000. Chembe hizo zikiisha, mambo mawili hutokea. La kwanza ni kwamba sauti ndogo hazisikiki, na hilo ndilo linalopimwa. La pili ni kwamba vichujio hupanuka, mara mbili, mara tatu, hata mara nne. Yaani mfanyakazi aliye hai anaanza kusikia kwa sikio linalofanana na yale aliyoyachungulia Békésy.

Lugha yetu inaonyesha vizuri hasara yake. Mwenzako akiwa juu ya ngazi na kukupigia kelele "Funga!", tofauti kati ya neno hilo na "Fungua!" ni kipande kifupi mno cha sauti kabla ya a ya mwisho. "Kata" na "pata" hutofautiana kwa mlipuko mdogo wa hewa mwanzoni, usiozidi makumi machache ya milisekunde. "Saba" na "shaba" hutofautiana kwa wembamba wa mvumo tu: ule wa s umekaa zaidi juu ya hezi 4,000, na ule wa sh unaanzia chini zaidi. Ndiyo maana hata mwenye masikio mazima huchanganya herufi hizi katika simu za kawaida, ambazo hupitisha hezi 300 hadi 3,400 tu. Ndugu zetu wa pwani, wa Lamu na Mombasa, wana ufundi zaidi. Kwao paa wa porini na paa la nyumba si neno moja, kwa sababu p ya mnyama hutolewa na pumzi na p ya nyumba haina pumzi. Sisi wengi wa bara tuliojifunza Kiswahili kazini hatuitii pumzi hiyo, na hatuisikii vizuri ila tukifundishwa. Lakini mtu wa pwani aliyefanya kazi miaka 20 penye nyundo za chuma anaweza kuipoteza ilhali alizaliwa nayo.

Katika chumba kimya mwenye vichujio vipana huweza kuelewana na mtu mmoja aliye mbele yake. Katika mkutano mambo hubadilika. Feni inazunguka, viti vinaburutwa, watu watatu wanasema kwa pamoja. Sikio zima huziweka sauti hizo katika vichujio mbalimbali na kumfuata msemaji mmoja. Sikio lililoharibika huzimimina zote katika chungu kimoja. Kwa sababu hiyo kumpazia sauti mtu wa namna hii hakumsaidii sana, na huweza hata kumuumiza. Chombo cha kusaidia kusikia kinaongeza ukubwa wa sauti, na vile vya siku hizi hupunguza kelele kidogo, lakini hakuna kinachorudisha kichujio chembamba kilichokufa. Mke na watoto hudhani baba hasikilizi kwa kiburi. Yeye huacha kwenda mkutanoni, au huenda na kunyamaza.

Jambo hili halikuanza jana. Mwaka 1886 daktari Thomas Barr wa Glasgow, Uskochi, aliwapima mafundi 100 wa kuunda maboila kwa mlio wa saa ya mfukoni. Hawa walifanya kazi ndani ya mapipa ya chuma huku wenzao wakipigilia ribiti kwa nje. Hakumpata hata mmoja mwenye masikio mazima, na wengi walimwambia kwamba katika mikutano ya hadhara hawafuati yanayosemwa. Kwa hiyo lile lalamiko la wanachama wetu liliandikwa zaidi ya miaka 130 iliyopita. Nao wafumaji wa viwanda vya pamba vya Lancashire, Uingereza, wengi wao wanawake, walikuwa mashuhuri kwa kusomana midomo. Watu waliwacheka kwa kukunja midomo yao kupita kiasi hata walipokuwa nje ya kiwanda. Hakuna aliyecheka mitambo iliyowafundisha kufanya hivyo.

Kuna habari nyingine ambayo inawahusu zaidi vijana wanaosema, "Masikio yangu huvuma baada ya zamu, lakini asubuhi yamepona." Mwaka 2009 watafiti wa Boston, Sharon Kujawa na Charles Liberman, waliwaweka panya katika kelele ya desibeli 100 kwa saa mbili. Baada ya majuma mawili panya walisikia sauti ndogo kama kawaida, na chembe zao za vinyweleo zilikuwapo. Lakini walipotazama kwa hadubini, katika sehemu ya sauti nyembamba karibu nusu ya viungio kati ya chembe na mishipa ya fahamu vilikuwa vimetoweka. Binadamu si panya, na wataalamu bado wanabishana ni kelele kiasi gani huleta madhara hayo kwa watu. Hata hivyo imeonyeshwa wazi kwamba mnyama anaweza kufaulu kipimo cha kawaida huku sehemu kubwa ya waya zake imekatika. Tunawaomba vijana wasikichukue kipimo hicho kuwa ni cheti cha uzima.

Kipimo chenyewe kinafanywaje? Mtu huketi katika kibanda kimya, akavaa visikilizio, na mashine iitwayo odiometa humpelekea sauti moja moja, ya hezi 500, 1,000, 2,000, 3,000, 4,000, 6,000. Anabonyeza kitufe kila anaposikia. Ni kipimo kizuri, wala hatukidharau, maana huonyesha lile shimo la hezi 4,000 mapema. Lakini hakina sauti mbili kwa pamoja, hakina maneno, hakina kelele nyuma yake. Kipo kipimo kingine ambacho mtu husikilizishwa maneno yaliyochanganywa na kelele, akaambiwa ayarudie. Kamati ya tawi inapojadiliana na mwajiri juu ya upimaji, iombe vyote viwili, na maneno yawe ya lugha anayoijua mfanyakazi. Tumewahi kusikia kiwanda kimoja kilichowapima watu wake kwa orodha ya maneno ya Kiingereza, na wale waliokosa kuyarudia wakaandikiwa kwamba ni wazito wa kuelewa.

Kuhusu kiasi cha kelele, kipimo kinachotumiwa na wataalamu wengi ni desibeli 85 kwa zamu ya saa 8. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda upunguzwe nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa moja. Tawi lisilo na chombo cha kupimia laweza kutumia njia ya mkono: kama unalazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono mmoja akusikie, basi huenda mmekwisha fika 85 au mmezipita. Dawa ya kwanza ni mashine yenyewe: beringi ibadilishwe, kifuniko kifungwe, mpira uwekwe chini ya jenereta, na mashine ya makelele itengwe kwa ukuta. Vizibo na vifunika masikio vinafuata baadaye, wala visiwe kisingizio cha kuiacha mashine ilie. Tena vifunika masikio humpunguzia mtu uwezo wa kujua gari linatoka upande gani, kwa hiyo penye magari ya mizigo sharti pawe na taa na njia zilizochorwa, si honi peke yake.

Upo Mkataba Namba 148 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva mwaka 1977, juu ya hewa chafu, kelele na mtikisiko kazini. Unasema kwamba wafanyakazi walio katika hatari hizo wapimwe afya kabla ya kuanza kazi na kila baada ya muda, na kwamba upimaji huo usimgharimu mfanyakazi. Viongozi wa matawi wawe macho hapa: nchi inaruhusiwa kuridhia sehemu ya hewa na kuacha ya kelele. Kwa hiyo msiulize tu kama nchi imeridhia, ulizeni imeridhia sehemu zipi.

Mwenye kwenda kupimwa apumzike mbali na kelele saa 14 au zaidi kabla ya kipimo, ikiwezekana aende asubuhi baada ya siku ya mapumziko. Aombe nakala ya karatasi yake, atazame mstari ulivyo penye 4,000, na aiweke nyumbani pamoja na barua yake ya kuajiriwa. Kipimo cha mwaka ujao kitalinganishwa na karatasi hiyo. Tumekwisha kuona madai ya fidia yakikwama kwa sababu karatasi ya kwanza ilikuwa katika kabati la mwajiri, na kabati lilikuwa limehamishwa.